Maji ya Goreangab

Kwetu Dodoma maji hayakumwagwa ovyo. Yaliyofulia nguo yalimwagiwa mchicha. Lakini sikumjua mtu aliyewaza kuyanywa tena, na ndiyo maana sikumwamini yule ndugu kutoka Namibia. Nilikutana naye Kongwa, ambako wapigania uhuru wa SWAPO walikuwa na kambi tangu mwaka 1964. Aliniambia kuwa mjini kwao, Windhoek, makaburu wanawanywesha watu maji ya chooni. Nilidhani ni uchungu wa ukimbizini.

Kumbe alisema kweli, ingawa kweli yenyewe ilikuwa na marefu yake. Windhoek hupata mvua ya milimita 370 hivi kwa mwaka. Dodoma yetu tunayoililia hupata kama 570. Mito isiyokauka iko mipakani tu mwa nchi: Kunene na Okavango kaskazini, Orange kusini. Mji wenyewe, ambao wakati huo haukufikia watu laki moja, ulikuwa umeanza kumaliza visima vyake. Mwaka 1968 ukawa wa kwanza duniani kurudisha majitaka, baada ya kuyasafisha, moja kwa moja katika mabomba ya kunywa.

Majitaka ya majumbani yalipelekwa kwanza Gammams, vijidudu vikala uchafu, kisha yakatulizwa madimbwini. Kwenye mtambo wa Goreangab yakaondolewa mwani, yakachujwa kwa mchanga, yakapitishwa katika mkaa maalumu unaonasa harufu na rangi, yakatiwa klorini. Mwishowe yalichanganywa na maji ya visima na ya mabwawa. Mimi nawavulia kofia mafundi wale kwa jambo moja hasa: waliyatenga majitaka ya viwandani yapite njia yao. Kinyesi cha binadamu kinajulikana tabia zake. Sumu ya kiwandani mtu huijua ikishamdhuru.

Hata hivyo siwezi kuisoma habari hiyo kama hadithi ya ufundi peke yake. Mwaka huo huo wa 1968 ndipo mtaa wa zamani wa Waafrika ulipofungwa. Walipokataa kuhamishwa, tarehe 10 Desemba 1959, polisi waliwafyatulia risasi. Walihamishiwa Katutura, jina ambalo kwa Kiherero lina maana ya mahali tusipotaka kukaa. Watu hao hawakuwa na kura ya kumchagua hata diwani. Nani angewauliza kuhusu maji? Ndugu yangu wa Kongwa hakukasirishwa na mkaa wala klorini, ila kwa kuwa waliompangia pa kulala ndio pia waliompangia cha kunywa.

Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Nilitazamia kuwa mtambo ule ungefungwa kwa shangwe, kama sanamu zinavyong'olewa. Haukufungwa. Mwaka 2002 ulifunguliwa mpya kando yake, wenye uwezo wa meta za ujazo 21,000 kwa siku, na safari hii ilikuwa Serikali waliyoichagua wenyewe.

Ndugu yule alirudi kwao mwaka 1989, pamoja na wakimbizi wengine, kupiga kura. Aliniandikia mara chache. Katika barua yake ya mwisho hakuyataja maji hata kidogo. Alilalamikia bei ya nyama, na kuuliza kama mibuyu ya Kongwa bado ipo.