Miaka Kumi Mkoba Begani, Jina Halipo Ukutani

Wasee, leo tunaongea gofu. Najua umeguna. Mimi pia niliguna. Gofu ni mchezo wa wazee wenye vitambi na Prado, na sisi wa mathree huwa tunauona tu kupitia ua wa michongoma tukiwa kwa jam. Lakini nipe dakika kumi, kwa sababu hii stori si ya wenye Prado. Ni ya watu waliowabebea mkoba.

Guka wangu alizaliwa 1949. Mwaka wa 1961, akiwa na miaka kumi na miwili, alianza kazi ya kedi kwa klabu ya mji mdogo kule Bonde la Ufa. Alibeba mikoba hadi 1971. Nyuma ya mlango wake kuna fimbo ya chuma ambayo mpini ulivunjika, akaufunga na mpira wa tairi ya baiskeli. Alipewa na mzungu mmoja, si kwa sababu alipendwa, ni kwa sababu imevunjika. Miaka yangu yote nilidhani ni kitu cha kufukuzia mbwa.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, nilirudi ushago miezi kadhaa. Ndio siku moja nikamuuliza, "Guka, hii fimbo ni ya nini?" Akaongea masaa mawili. Tangu hiyo siku nimekuwa nikizunguka viwanja vya gofu vya miji midogo, nacheza vibaya sana, naandika kwa simu. Nimegundua kwamba ukitaka historia ya mji mdogo wa Kenya, klabu ya gofu inakuambia mambo ambayo kitabu cha fomu tu kilipita mbio.

Tuanze na swali rahisi. Kwa nini Nyahururu kuna klabu ya gofu? Kwa nini Kitale, Nanyuki, Kericho, Kakamega, Thika, Nandi Hills? Hii si miji ya matajiri. Jibu ni reli na mashamba. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, ikafika Kisumu 1901. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa 1906, wakati Nairobi yenyewe ilikuwa na miaka saba tu. Fikiria hiyo. Mji haujajua kutembea lakini tayari una mahali pa gofu. Mwaka wa 1935 Mfalme George V akaipa cheo cha Royal, na hadi leo inaitwa Royal Nairobi.

Halafu reli ikatoa matawi. Tawi la Kitale lilifika 1926. Tawi la Thomson's Falls, ambayo ndio Nyahururu ya leo, lilifika 1929. Palipofika treni palikuja walowezi wengi zaidi, na mahitaji ya mlowezi yalijulikana: stesheni, ofisi ya DC, kanisa, na klabu. Ndio maana nyingi zinaitwa Sports Club. Haikuwa gofu peke yake. Kulikuwa na tenisi, kriketi, na zaidi ya yote, baa. Mkulima aliyeishi peke yake katikati ya maelfu ya ekari alihitaji mahali pa kukutana na wenzake na kupiga domo.

Na hizo ekari zilitoka wapi? Hapa ndipo mwalimu wetu alikimbia. Sheria ya ardhi ya 1915 iliruhusu walowezi kukodi shamba kwa miaka 999. Tisa, tisa, tisa. Kama mtu alipewa shamba 1915, mkataba ungeisha mwaka wa 2914. Katiba ya 2010 ndiyo iliyokata hiyo miaka, sasa asiye raia hawezi kumiliki ardhi kwa mkataba unaozidi miaka 99.

Mahali ambapo hii historia ilinigonga kabisa ni Nandi Hills. Klabu inaitwa Nandi Bears. Jina ni la yule mnyama wa hadithi za Wanandi, nusu dubu nusu fisi, ambaye wazungu walimsikia wakamwamini, wakamtafuta msituni na hawakumpata. Uwanja una mashimo tisa. Majani chai yamezunguka kila upande, kijani hadi macho yanauma, na hewa ni nyembamba kiasi kwamba mpira unaruka mbali kuliko unavyostahili. Kwa urembo, napeana tisa kwa kumi.

Lakini katika huo huo mji kuna makumbusho ya Koitalel arap Samoei. Koitalel alikuwa Orkoiyot, kiongozi wa Wanandi waliopinga Waingereza na reli yao kwa takriban miaka kumi. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwa mazungumzo ya amani, na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, akamuua palepale. Baada ya hapo Wanandi walisukumwa kwa rizavu na sehemu nzuri za ardhi yao zikachukuliwa. Chai ikaja baadaye. Klabu ikaja baadaye. Nilipiga mpira wangu ukapotelea kwa majani chai, na nikiutafuta nikawaza, hapa kila mtu anatafuta kitu chake, lakini kuna watu walipoteza kubwa kuliko mpira.

Kitale ni hivyo hivyo. Huo mji ulikuwa kwa njia ya misafara ya watumwa na pembe kabla mlowezi yeyote hajafika, na wenyeji husimulia kwamba klabu ilijengwa mahali watumwa walikuwa wanazuiliwa. Leo ni miti mikubwa, kivuli kizuri na watu wanaagiza chai ya maziwa. Sisemi wasiagize chai. Nasema wajue wamekalia nini.

Sasa kitu cha kufurahisha kidogo. Unajua nyasi ya kikuyu, ile inatambaa kila mahali, hata kwa nyufa za lami? Asili yake ni hizi nyanda zetu za juu za Afrika Mashariki. Ilipelekwa Afrika Kusini, Australia, hadi California, na leo ndio imefunika uwanja wa Riviera kule Los Angeles, mahali ambapo gofu ya Olimpiki ya 2028 imepangiwa kuchezwa. Watu wanalipa dola nyingi kukanyaga kitu ambacho ng'ombe wa guka wanakula bure. Kwa hivyo usiniambie hatuna uhusiano na huu mchezo. Nyasi yetu ilipata visa kabla yetu.

Turudi kwa guka. Kazi ya kedi watu hufikiria ni kubeba tu. Guka anasema kubeba ndio sehemu rahisi. Kedi lazima ajue umbali kwa macho, ajue upepo, ajue fimbo gani mzee ataitisha kabla hajaitisha. Lazima aone mpira umeangukia wapi, kwa sababu ukipotea, kosa ni lake. Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108, na grini inadanganya: unaona imelala sawa, kumbe inateremka upande wa mto. Kedi ndiye anayeijua. Siku hizo viwanja kadhaa vya bara havikuwa na grini za nyasi. Walitumia mchanga uliomwagiwa oili, wakaziita brauni, na kila wachezaji wakimaliza lazima mtu alainishe tena ule mchanga ndio nyayo zitoke. Mtu huyo alikuwa mtoto kama guka.

Na hakuruhusiwa kucheza. Mwafrika hakuwa mwanachama. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akakaa chini ya mti na wenzake kungoja kuitwa. Wachezaji walimwita "boi", na walimwita hivyo hata kedi mwenye wajukuu. Lakini jioni, wazungu wakiwa ndani ya baa, hao vijana walichonga matawi ya miti, wakaokota mipira iliyopotea, wakachezea kwa malisho ya ng'ombe mbali na macho. Guka anacheka akisema kulikuwa na jamaa mmoja wao ambaye na tawi la mti angeshinda kepteni wa klabu. Hiyo mechi haikuwahi kuchezwa, kwa hivyo hatutajua.

Halafu 12 Desemba 1963, uhuru. Nilimuuliza, "Siku hiyo nini kilibadilika kwa klabu?" Akafikiria sana. Akasema, "Aliyebeba hakubadilika. Aliyebebewa ndiye alibadilika." Polepole wazungu wakauza mashamba, wakaingia maafisa wa serikali, mawakili, wafanyabiashara. Wengine walikuwa watu wazuri, walimlipa vizuri kuliko mzungu. Lakini mti wa makedi ulibaki palepale, na mlango wa nyuma ulibaki nyuma. Rangi ilitoka, pesa ikakalia kiti chake.

Ukidhani nazidisha, wacha nikuambie kilichonipata mwaka jana. Klabu gani sitaji. Nilienda na shati yenye kola, suruali ya kitambaa, ada yangu mkononi. Mlinzi akaniangalia viatu, akanionyesha upande mwingine: "Makedi wanapitia kule." Sikukasirika kwa sababu ameniita kedi. Guka alikuwa kedi. Nilikasirika kwa sababu hiyo "kule" bado ipo, na yule soja mwenyewe ni kijana rika langu ambaye pia hawezi kupitia mbele.

Kila klabu niliyoingia nimeangalia kitu kimoja: ubao wa mbao ukutani, wenye majina ya makepteni kwa herufi za dhahabu. Unaanza na majina ya kizungu, unashuka, katikati ya miaka ya sitini au sabini yanaanza majina yetu. Ni kama kusoma historia ya Kenya kwa safu moja. Na kwa hizo mbao zote sijaona jina la kedi hata mmoja. Watu walioujua uwanja kuliko yeyote hawapo. Ilhali huu mchezo umelelewa na watu wa aina yao. Angalia Dismas Indiza, mmoja wa maprofeshonali wanaoheshimika sana Kenya. Ametoka Mumias, mji wa miwa, hakutoka Muthaiga.

Sasa najua mbogi fulani itaandika, "Hizo ekari zigawanywe, tujengewe nyumba." Naelewa hasira. Lakini jiulize, ardhi ya wazi ikiguswa Kenya huwa inaenda kwa nani? Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma iligawiwa wenye nguvu. Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata walirushiwa vitoa machozi kwa kutetea uwanja wao wa kucheza. Uwanja wa gofu ukikatwa ploti leo, wewe na mimi hatupati hata kona ya kuegesha bodaboda. Tutapoteza miti, tutapoteza nyasi, na ile historia itafunikwa na simiti.

Mimi naomba vitu vitatu vidogo. Shule za jirani zipewe siku moja kwa wiki, maana siku za kazi nyingi ya hivi viwanja hukaa tu, ni ndege wanacheza. Mlango uwe mmoja. Na kando ya ubao wa makepteni, wekeni ubao wa makedi. Haigharimu kitu, ni mbao na rangi. Wazee wenye kujua hayo majina bado wapo, lakini si kwa muda mrefu.

Mwezi uliopita nilipeleka guka kwa klabu fulani ndogo. Nililipa ada ya watu wawili. Alivaa koti lake la kanisa. Tukafika shimo la kwanza, nikampa fimbo, akakataa. Akachukua mkoba wangu akauweka begani, nikamnyang'anya, akaudai tena. Tulivutana hapo kama watoto. Mwishowe akauachilia, lakini hakupiga mpira. Alitembea mbele yangu mashimo yote tisa, akinionyesha upepo na mteremko, na kila aliposema "lenga kushoto kidogo" alikuwa sawa.

Shimo la mwisho nilimsihi tena. Akashika fimbo, akaweka mpira vizuri, akasimama muda mrefu. Akapiga. Ulienda mita kumi hivi, ukaingia kwa nyasi ndefu. Akaangalia huku na huku kwanza, kama mtu anayengoja kufokewa. Hakuna aliyefoka. Akaniambia, "Haya, nenda uutafute, wewe ndiye kedi."

Kama una guka, shosho, babu au nyanya aliyefanya kazi kwa klabu, hoteli au shamba la walowezi, muulize majina ya wenzake leo. Yaandike kwa simu. Usingoje matanga.