Chumvi na Tembe: Historia ya Rovu Chini ya Mlima Elgon

Mwanafunzi wa uuguzi wa Kitale au Bungoma anayetaka kuielewa levothairoksini, tembe ya homoni ya tezi ya shingo (thairoidi), na aanze na chumvi. Mvua nyingi za milimani huosha ayodini udongoni, na ndiyo maana rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo inapokosa ayodini, lilisumbua watu wa nyanda za juu, kuanzia Uswisi hadi Kenya. Samaki wa bahari, wenye ayodini, walikuwa mbali na Elgon. Chumvi ya mboga ilichujwa kutoka kwenye majivu ya mimea, nayo mifugo ililamba kuta za mapango ya mlima huo kama Kitum, ambako hadi leo tembo huchimba chumvi yenye salfeti ya sodiamu. Mwaka 1978 sheria ya Kenya iliagiza chumvi ya mezani itiwe ayodini, na kinga ikaingia jikoni pamoja na mboga.

Mtu atauliza: ikiwa chumvi ilitosha, tembe ni ya nini? Ayodini ni malighafi tu ya homoni ya tezi. Tezi ikiharibiwa na kinga ya mwili wenyewe, au ikitolewa kwa upasuaji, hakuna wa kuitumia malighafi hiyo. Daktari mpasuaji Theodor Kocher wa Bern alilitambua hilo mwaka 1883, alipoona wagonjwa aliowatoa tezi yote wakivimba na kuzubaa. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle alimdunga mwanamke wa miaka 46, ambaye tezi yake haikufanya kazi, maji ya tezi ya kondoo. Mama huyo aliishi hadi 1919, na katika miaka hiyo 28 alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Idadi hiyo inastahili kukumbukwa na kila muuguzi, kwa maana inaonyesha kwamba dawa hii hujaza pengo lakini haitibu chanzo chake. Mgonjwa anayeacha tembe kwa kuwa amepata nafuu atarudi alikokuwa. Edward Kendall aliitenga homoni yenyewe mwaka 1914, nao Harington na Barger wakaiunda maabarani mwaka 1927, na hatimaye kondoo wakapumzika.

Wapo watakaosema kipimo cha damu ndicho huamua dozi, wala si historia. Ni kweli. Ila kipimo hakimwelezi mjamzito kwa nini aendelee kumeza tembe kila asubuhi tumbo likiwa tupu, nusu saa au zaidi kabla ya chai, na kuitenganisha kwa saa nne na vidonge vya madini ya chuma anavyopewa kliniki, hasa kwa kuwa wakati wa ujauzito mara nyingi dozi yake huhitaji kuongezwa. Naye mtoto aliyezaliwa bila tezi hawezi kuokolewa na chumvi ya mama yake: anahitaji levothairoksini ndani ya wiki zake mbili za kwanza, kabla ubongo wake haujadhurika.