Posho ya Kampuni na Ladha ya Bukari

Katika ukanda wa shaba wa Lualaba, nchini Kongo, kula kwa vipimo kulianza kama shauri la kampuni kabla hakujawa shauri la mtu na mwili wake. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliamua mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwakalisha wachimbaji kambini pamoja na wake na watoto wao, na chini ya daktari Léopold Mottoulle posho, yaani mgao wa chakula, ilihesabiwa kwa kalori, ambazo ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula, ili mwili uhimili kazi.

Unga wa mahindi ndio uliotawala mgao huo, lakini wengi walitoka nchi za muhogo, zao la asili ya Amerika lililostawi katika himaya ya Walunda. Kwa hiyo unga wa kampuni ulichanganywa na wa muhogo, na bukari, kama ugali unavyoitwa huko, ikawa laini na yenye kuvutika vidoleni. Ujuzi huo wa wanawake wa kambi unastahili heshima isiyopungua ile ya hesabu za daktari.

Posho iliendelea chini ya Gécamines, mrithi wa kampuni hiyo baada ya utaifishaji wa 1967. Leo mwenye kushauriwa apunguze mafuta anaweza kufuata njia ileile ya kupima bila kupoteza ladha: sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, huchemshwa kwa maji mpaka yaive, kisha kijiko kimoja cha mawese hutiwa mwishoni, harufu yake ingali mbichi.