Mzigo na Mvutaji Wake Katika Nchi ya Ziwa

Methali husema kwamba mchagua jembe si mkulima. Ni onyo jema kwa mvivu, walakini historia ya ufuko wa kusini wa Ziwa Viktoria haikubaliani nayo katika jambo moja. Kutoka Geita mpaka Mwanza, na kutoka Mwanza mpaka Musoma, uchaguzi wa kitu cha kubeba au kuvuta mzigo umepata kuwa jambo la uhai na mauti. Mfugaji anayetaka kununua pikapu ya dizeli ili avute tela la mifugo huuliza kwanza nguvu za injini. Waliomtangulia nao walianza kwa kuuliza habari za nguvu, na nchi ikawajibu kwamba hilo halikuwa swali la kwanza.

Katika sehemu nyingi za dunia mvutaji mashuhuri alikuwa farasi. Alitukuka hata wahandisi wa Uingereza wakapima uwezo wa mashine zao kwa nguvu zake, na kipimo hicho hakijaachwa hata leo. Lakini farasi hakupata makao katika nchi ya Ziwa. Mbung'o walimletea ugonjwa wa nagana, na visubi wakamletea maradhi mengine yauayo farasi kwa siku chache. Mwaka 1895 David Bruce alithibitisha, huko Zululand, kwamba mbung'o ndiye mchukuzi wa kijidudu cha nagana. Na mwaka 1903 alikuwa Entebbe, kaskazini ya Ziwa, akichunguza malale yaliyokuwa yakiangamiza watu. Basi injini zilipofika Mwanza zilihesabiwa kwa nguvu za mnyama ambaye nchi yenyewe ilikuwa imemkataa.

Kwa hiyo mbebaji wa kwanza alikuwa mwanadamu. Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke alipoliona Ziwa karibu na Mwanza, vitu vyake vilikuwa vimefika kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na chakula na silaha yake. Wanyamwezi na Wasukuma walisifika katika kazi hiyo kwa stahamala na maarifa ya njia. Mwaka 1875 mashua ya Stanley, iliyokuwa imekatwa vipande, ilifikishwa Kagehyi kwa mabega ya watu kutoka Bagamoyo, kisha ikaungwa na kushushwa majini. Mashua ilifika, lakini wengi wa msafara ule walikwisha kufa njiani kwa njaa, maradhi na vita. Mvutaji asiyeshindwa na mbung'o alilipiwa kwa maisha ya watu.

Wako waliotaka kumwondolea mwanadamu mzigo huo. Mwaka 1877 Alexander Mackay, fundi wa mitambo na mmishenari, alifyeka barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, mwendo wa kilomita 370 hivi, ili magari ya maksai yapite. Shabaha yake ilikuwa njema na hesabu yake ya nguvu ilikuwa sahihi, kwa kuwa jozi chache za maksai huvuta mzigo wa wapagazi wengi. Lakini maksai walikufa kwa wingi, na wamishenari wa shirika jingine waliojaribu magari mwaka ule ule walipatwa na hasara kama hiyo. Mackay alifika Ziwani mwaka 1878, na alifariki Usambiro, kusini ya Ziwa, Februari 1890. Barabara yake ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mnyama asiyeweza kuishi juu yake.

Baada yake ulikuja mvuke. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na shehena za Mwanza zikawa zikivuka Ziwa kwa meli ili kulifuata garimoshi. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikafika Mwanza yenyewe. Hata hivyo garimoshi haliendi pasipo reli, na pamba ya Usukuma ililimwa mbali na stesheni. Chama Kikuu cha Ushirika cha Viktoria kilipoundwa mwaka 1955, Paul Bomani akiwa kiongozi wake, wakulima walitaka mizani ya haki. Lakini pamba iliyopimwa kwa haki ilipaswa pia kutolewa ghalani na kufikishwa kwenye vinu vya kuchambulia. Kazi hiyo ilikuwa ya malori, na adui wake alikuwa udongo mweusi wa mbuga, ambao mvua ikinyesha hunata na kumeza magurudumu.

Hapo ndipo dizeli ilipojipatia sifa. Katika injini hiyo hewa hubanwa mpaka ikapata moto mkali, na mafuta yakinyunyizwa ndani huwaka bila cheche. Faida yake kwa mwenye mzigo ni kwamba huvuta kwa nguvu nyingi hali ikizunguka polepole, nayo hula mafuta kidogo kuliko ya petroli. Land Rover, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948, ilipewa injini ya dizeli mwaka 1957, na baadaye pikapu za Toyota zikaenea katika barabara zile zile.

Lakini kuvuta ni nusu ya kazi. Ng'ombe wanne wa kienyeji hukaribia uzito wa tani moja, sawa na farasi wawili wakubwa, na uzito wa tela lenyewe haujahesabiwa. Tena shehena hiyo ni hai: husimama wima, huegemea upande kwenye kona, na husukumana mbele gari likipunguza mwendo. Pikapu nyepesi yenye injini kali yaweza kuling'oa tela matopeni, kisha ikashindwa kulizuia mteremkoni. Hapo tela humwendesha dereva. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hutazama uzito wa gari, breki za gari na za tela, ekseli na giaboksi, ndipo aulize nguvu. Tangu Juni 2025, daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, limewaondolea wasafiri kungoja kivuko; njia imekuwa fupi, na kishawishi cha mwendo kimezidi.

Mackay hakukosa nguvu wala bidii. Alikosa mvutaji anayepatana na nchi. Mkulima na achukue jembe lolote alipatalo, kwani likivunjika hupoteza siku moja. Mvutaji akichaguliwa vibaya, hasara huwaangukia wale waliofungwa nyuma yake.