Dirisha la wazee: sehemu ya 3

Jana niliahidi kueleza kwa nini mzee anaambiwa matibabu ni bure, halafu anaondoka na karatasi ya kwenda kununua dawa nje. Turudi nyuma kidogo.

Bibi zetu waliikuta hospitali ya serikali haina malipo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 hiyo ndiyo ilikuwa njia ya nchi, na 1977 sheria ikapiga marufuku hata hospitali binafsi za kibiashara. Ndiyo maana ukimtajia mzee wa miaka 80 hela ya kufungua faili anakuangalia kama umemtukana. Jamani, hana makosa!

Miaka ya 80 uchumi ukayumba, dawa zikaadimika. 1991 hospitali za biashara zikaruhusiwa tena, 1993 ukaanza uchangiaji. Wakubwa wanaita kuchangia, mgonjwa anaita kulipa.

Ikaja Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003: mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na asiye na uwezo atibiwe bure. Sasa hapo kwenye "asiye na uwezo" ndipo penye kazi. Nani anampima? Anatumwa barua ya serikali ya mtaa, akirudi anapelekwa ustawi wa jamii. Nimeshaona mzee kavaa shati lake la Idi kwa heshima ya hospitali, karani akamwambia, "Babu, wewe mbona unajiweza?"

Na kuna jambo ambalo halisemwi sana. Hela za wanaolipa ndizo zinazosaidia kununua dawa. Mzee akisamehewa tunaandika kwenye daftari, lakini mara nyingi hakuna anayeirudishia hospitali hiyo hela. Sasa dawa ya presha na ya sukari si za wiki moja, ni za kila mwezi mpaka mwisho wa maisha. Stoo inakauka, na wa kwanza kuumia ni yuleyule aliyesamehewa.

Kule nilikoanzia kazi tulikuwa na bango: mpisheni mzee apate huduma kwanza. Siku moja babu mmoja akapishwa foleni nzima, watu wakamshika mkono mpaka dirishani. Dawa ya presha hakuna. Akanigeukia: "Mwanangu, sasa nilikuwa nawahi nini?"

Kesho sehemu ya 4: sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023.