Msondo wa Bi Kidude Ulivyosikika Kusini

Oktoba 2005 wafanyabiashara wa muziki kutoka pande zote za dunia walikutana Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, kwenye maonyesho ya WOMEX. Tuzo ya mwaka huo ilikwenda kwa bibi mmoja wa Unguja, Fatma binti Baraka, ambaye pwani nzima ilimjua kwa jina la Bi Kidude. Mwaka aliozaliwa hakuna aliyeujua kwa hakika. Wengine walimpa miaka tisini, wengine wakamvusha mia, na magazeti ya Ulaya yakaushikilia umri huo kama jambo kuu la habari. Mwimbaji mzee kuliko wote duniani, wakaandika. Jinsi anavyoimba ilikuja baadaye, katika aya za chini.

Sisi wa kusini mwa Tanzania tulimsikia kwa namna nyingine. Katika taarab tulimsikia kama alivyosikika Tanga au Mombasa: sauti nzito yenye mikwaruzo, nyimbo za enzi ya Siti binti Saad, mashairi yanayojulikana. Lakini alipoiweka taarab kando, akajifunga kanga kiunoni na kuupanda msondo, ngoma ya unyago, wasikilizaji wa Mikindani, Msimbati na Newala walikuwa na jambo ambalo wasikilizaji wa Newcastle hawakuwa nalo. Ngoma ile waliijua. Ilikuwa ya kwao kabla haijavuka bahari.

Namna ilivyovuka ni sehemu ya historia ya pwani hii. Katika karne ya 19 mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalihitaji watu, na watu hao walitolewa kwa wingi huku: Wayao, Wamakonde, Wamakua, Wangindo, na jamii za mwambao wa Ziwa Nyasa zilizoshushwa pwani kwa njia za misafara kupitia bonde la Ruvuma. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara hiyo, na Lindi na Mikindani zilikuwa na sehemu yao. David Livingstone alipoanza safari yake ya mwisho mwaka 1866 aliondokea Mikindani, akafuata Ruvuma kuelekea bara, na njiani akakutana na athari za biashara hiyo kwa macho yake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash alishinikizwa na Waingereza kuutia saini. Utumwa wenyewe visiwani uliendelea kuwa halali hadi 1897.

Wanawake waliopelekwa kule hawakubeba chochote cha kwao, ila walikuwa na waliyofundishwa ndani. Unyago, mafunzo ya wasichana waliobalehe, ni shule, na mwanamke aliyechezwa ngoma hawezi kunyang'anywa shule hiyo kwa kuuzwa. Wakiwa Ng'ambo, ng'ambo ya mkondo uliotenga Mji Mkongwe na vibanda vya maskini, makungwi, walimu wa unyago, wa asili ya Kiyao, Kinyasa na Kimakonde waliendelea kuwafunda na kuwatoa wali. Kufikia miaka ya 1920 na 1930, wanahistoria wanatueleza, unyago ulikuwa umewaunganisha wanawake wa Unguja wa asili mbalimbali, wakiwemo wajukuu wa watumwa na hata baadhi ya binti za waliokuwa mabwana. Kungwi aliyedharauliwa mchana aliheshimiwa usiku wa ngoma, kwa sababu ndiye aliyekuwa na elimu.

Humo ndimo alimolelewa Bi Kidude. Alizaliwa kijiji cha Mfagimaringo, baba yake akiwa muuza nazi. Masimulizi ya maisha yake, aliyoyatoa mwenyewe kwa miaka mingi na kwa namna zaidi ya moja, yanasema alikimbia ndoa ya kulazimishwa akiwa bado msichana, akazunguka bara kwa miguu bila viatu akiimba, kisha akarudi Unguja. Taarab aliijifunza kwa kumsikiliza Siti binti Saad, yule wa Fumba ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri zilizouzwa pwani yote. Unyago aliujifunza kwa makungwi. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake kazi hii ya pili ndiyo iliyomlisha: kuwafunda wali, kupiga msondo, kutoa dawa za miti shamba na kuchora hina.

Kwa hiyo neno kurudi, ambalo waandishi wa nje walilipenda sana walipoandika juu ya umaarufu wake wa uzeeni, lilikuwa kweli nusu tu. Alirudi mbele ya maikrofoni. Mbele ya wali hakuwahi kuondoka.

Katika miaka ya 1980 vilabu vya taarab vya Unguja vilianza kualikwa Ulaya. Mwaka 1987 wenye kampuni ndogo za muziki walikutana London na kukubaliana kuuweka muziki wa aina zote usio na rafu yake madukani chini ya jina moja, muziki wa dunia, na muda mfupi baadaye watu wa kampuni ya GlobeStyle walifika visiwani na vyombo vya kurekodia. Bi Kidude akasafiri na kundi la Twinkling Stars la Mohamed Ilyas, akaonekana Ulaya na Japani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya RetroAfric ya London ikatoa diski yake, Zanzibar. Ikafuata Machozi ya Huba ya 2003, iliyokusanya taarab na unyago pamoja. Tamasha la Sauti za Busara lilipoanza Februari 2004, alikuwa mwenyeji asiyeweza kukosekana jukwaani.

Mapokezi yalitofautiana, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kila msikilizaji alileta masikio yake.

Wazee wa taarab ya Unguja walikuwa na kipimo chao. Klabu ya Ikhwani Safaa iliyoanza 1905, na Culture Musical Club iliyofuata nusu karne baadaye, zilizoea fidla, udi, kanuni na sauti iliyolainishwa. Sauti ya Bi Kidude haikulainishwa. Alivuta sigara hadharani, alikunywa, alipokuwa na wageni alisema lililomjia. Kuna waliomwona kioja, na kuna walioona aibu kwamba wageni wanaichukulia sauti hiyo kuwa ndiyo taarab yenyewe. Heshima ya wengi kwake ilikua baada ya tuzo, si kabla, na sidhani kwamba jambo hilo lafaa kufichwa.

Vijana walimpokea bila mashaka. Kundi la Offside Trick lilimshirikisha katika wimbo wa Ahmada, na watoto ambao hawakuwahi kukaa chini ya jukwaa la taarab wakajua jina lake.

Wasikilizaji wa Ulaya walisikia miaka. Mapenzi yao yalikuwa ya kweli, nawaamini, lakini ukisoma walichoandika utaona umri wake ukitangulia kila mara, na filamu ya Andy Jones ya 2006 juu yake iliongeza mvuto huo hata ilipojaribu kuuchunguza. Mwaka huohuo, kwa bahati tu, mwimbaji wa Kanada Loreena McKennitt, anayechanganya nyimbo za asili ya Kiselti na muziki wa Mashariki ya Kati na Mediterania, alitoa An Ancient Muse, albamu yake ya kwanza ya studio yenye nyimbo mpya tangu ile ya 1997. Katikati alikuwa amefiwa na mchumba wake aliyezama ziwani mwaka 1998, akanyamaza. Wapenzi wake walikuwa na santuri za nyuma za kumlinganishia: je, sauti ni ileile, je, amebadilisha njia? Bi Kidude hakuulizwa hivyo. Wengi waliomsikia ng'ambo hawakuwa na sauti ya ujana wake kwenye rafu zao, wakamchukua kama alivyo, mzee aliyetokea kusikojulikana.

Huku kwetu kulikojulikana, diski hizo zilifika taratibu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, barabara ya Dar es Salaam ilikatizwa na kivuko cha Rufiji pale Ndundu, na masika yakichachamaa mzigo wa kaseti ulikaa ng'ambo pamoja na mzigo mwingine. Redio ilitangulia. Na redioni taarab ndiyo iliyopigwa. Unyago wake ulisikika zaidi baadaye, kwa kaseti zilizonakiliwa, kisha kwa kadi za kumbukumbu za simu.

Msondo wa Unguja ni ngoma ndefu ya mti, ngozi upande mmoja, mpigaji akiupanda na kuufunga kiunoni kwa nguo ili aweze kuupiga kwa mikono yote miwili akiwa wima. Husindikizwa na ngoma fupi, vumi na chapuo, ambazo hushika mapigo yasiyobadilika ili msondo uweze kuzungumza. Mtu wa Newala au Tandahimba anaujua mgawanyo huo wa kazi. Ngoma ndogo za Kimakonde zenye mguu uliochongoka, unaochomekwa ardhini, hufanya kazi ileile ya kushikilia, na ngoma kubwa ndiyo inayotoa amri kwa wachezaji. Maneno ya nyimbo za Unguja yamegeuka Kiswahili, na mengine yamepotea maana hata kwa wanaoyaimba. Mapigo hayakugeuka kiasi hicho. Kwa masikio yangu, hicho ndicho kitu cha thamani kubwa kuliko vyote katika rekodi zake za mwisho: mkono wa mwanamke wa Unguja unapiga kitu ambacho mikono ya wanawake wa bonde la Ruvuma ilikipeleka kule, zaidi ya miaka mia baada ya soko kufungwa.

Na hizo hazikuwa rekodi za kwanza za ngoma hii. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijazimika, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alishuka Lindi. Alikuwa ametumwa kwenda Irangi, lakini machafuko yalimfanya aelekezwe kusini. Alizunguka Masasi na uwanda wa Makonde akiwa na kamera, mashine ya kupiga picha za sinema, na fonografu ya mitungi ya nta. Alihudhuria unyago wa wasichana na kuuandika kwa kirefu katika kitabu alichokitoa 1908. Alikuwa mtu wa serikali iliyokuwa ikiteketeza vyakula vya watu hawahawa ili wasalimu amri, na lugha yake juu yao mara nyingi inachoma. Hata hivyo sauti alizozinasa ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kurekodiwa kusini mwa nchi hii. Zilipelekwa Ujerumani. Waliopigiwa fonografu ile hawakuachiwa nakala.

Baada ya uhuru ngoma za kusini zilichukuliwa tena, safari hii na serikali yetu wenyewe. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya kushughulikia utamaduni, akisikitika kwamba wasomi waliweza kucheza dansi za Ulaya wasiweze ngoma za kwao. Kikundi cha ngoma cha taifa kilipoundwa, sindimba ya Wamakonde ikawa kati ya ngoma zake mashuhuri, ikafundishwa shuleni hadi mikoa ambayo haikujua ilikotoka. Wapo waliolalamika kuwa viuno vile havifai mbele ya watoto. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli kwa namna ambayo walalamikaji hawakuikusudia: sindimba ina uhusiano na jando na unyago, na ikitolewa humo na kuwekwa mbele ya wageni wa serikali, viuno hubaki lakini somo huondoka.

Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Rais Kikwete wa Tanzania na Rais Shein wa Zanzibar walihudhuria maziko yake kesho yake. Mtwara ilipokea habari hiyo ikiwa na jambo lake. Tangu Desemba 2012 watu walikuwa wakiandamana kupinga bomba la kupeleka gesi ya Ghuba ya Mnazi Dar es Salaam, na mwezi mmoja baada ya maziko, Mei 22, mji uliingia katika ghasia zilizogharimu maisha. Watu wa kusini walikuwa wakikumbushana orodha ya vilivyotoka kwao: watu, pembe, mpira, korosho, na sasa gesi. Ngoma haikutajwa katika orodha hiyo. Nadhani ilistahili kutajwa, maana ndiyo pekee iliyorejea na kusikika tena.

Swali ambalo rekodi za Bi Kidude zimeliacha huku ni kama makungwi wa Mtwara nao warekodiwe. Tamasha la MaKuYa, linalobeba mwanzo wa majina ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, limewapa wachezaji wa mkoa jukwaa la kisasa, na ngoma nyingi zimeonekana pale. Lakini unyago si ngoma kama nyingine. Makungwi wanaokataa wana hoja nzito: nyimbo zile ni masomo ya mtu aliyeandaliwa, na ukizimwaga kwenye simu zinakuwa matusi matupu masikioni mwa asiyefundwa. Wanaotaka zirekodiwe wanahesabu wazee waliobaki, na hofu yao pia ina msingi.

Mimi naona njia ambayo Bi Kidude aliipitia bila kuieleza. Siri ya unyago imo katika maneno. Mapigo hayajawahi kuwa siri. Kijiji kizima huyasikia usiku kucha, wanaume wakiwa vibarazani mwao, watoto wakiwa kitandani, wapita njia wakiwa barabarani kuelekea Kilambo. Yarekodiwe hayo kwanza, ngoma tupu, wapigaji wakilipwa na nakala zikibaki Newala, Mikindani na Msimbati mikononi mwa makungwi wenyewe, nao waamue siku ya kuongeza nyimbo, kama ipo.