Usasi Usio na Kitoweo: Nguruwe na Wakulima wa Pemba

Historia ya usasi wa nguruwe kisiwani Pemba haina budi kuanzia baharini, kwa kuwa mnyama mwenyewe si wa asili ya kisiwa hicho. Mkondo unaoitenga Pemba na Bara una kina cha mamia ya mita, na kwa sababu hiyo kisiwa kilijitenga zamani sana kuliko Unguja, ambayo ilikuwa bado imeungana na nchi kavu hadi mwisho wa zama za barafu. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui na nguruwe wa msituni wa Kiafrika, ilhali Pemba haikuwa na hata mmoja wao. Nguruwe wa Pemba ni wa jamii nyingine, kizazi cha nguruwe wa kufugwa wenye asili ya Ulaya na Asia, ambao waliponyoka au waliachwa wakarudia maisha ya porini.

Mnyama wa namna hiyo hafiki kisiwani bila chombo cha kumvusha, na wenyeji, ambao misikiti yao ya mawe, kama ule wa Ras Mkumbuu, ilijengwa kabla ya mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika pwani hii, hawakuwa na haja naye. Masimulizi yanayomhusisha na Wareno yana uzito kwa sababu Wareno hawakuipita Pemba njiani tu, bali walipata mashamba huko na waliitegemea kwa mchele na mifugo ya kulisha Mombasa. Utawala wao ulivunjika Waomani walipoiteka Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1698. Wenyewe waliondoka, nguruwe wakabaki. Inafaa kukumbukwa pia kwamba muhogo, chakula ambacho nguruwe hukifukua kwa bidii kubwa kuliko kingine, nao ulivushwa kutoka Amerika Kusini kuja Afrika kwa meli za Wareno hao hao.

Nguruwe jike hubeba mimba kwa muda usiozidi miezi minne na huzaa watoto kadhaa kwa mkupuo, na kisiwani hapakuwa na chui wa kuwapunguza. Adui pekee wa kutegemewa alikuwa mkulima, ambaye kwa mujibu wa dini yake nyama hiyo ni haramu. Kwingineko msasi hulipwa jasho lake kwa kitoweo, lakini Pemba aliyeua nguruwe alirudi nyumbani mikono mitupu, na faida yake ilikuwa tuta la muhogo lililosalimika. Kwa hiyo kazi hii ni ya ukulima kuliko uwindaji, na ni haki ihesabiwe pamoja na kulima, kupalilia na kuvuna.

Sehemu iliyo nzito zaidi ya kazi hiyo ilikuwa ya usiku. Nguruwe anayesumbuliwa mchana hujificha kichakani hadi giza liingie, kisha hutoka akiongozwa na pua, na kundi moja laweza kupindua matuta ya familia nzima kabla ya alfajiri. Mkulima alijenga dungu, yaani kibanda kidogo kilichoinuliwa juu ya nguzo, akakesha humo akisikiliza mchakacho wa majani, tayari kupiga debe, kupaza sauti au kushuka na mkuki. Mchana ilikuwa zamu ya kuamia, yaani kuwafukuza ndege kwenye mpunga, na hivyo katika majira ya kukomaa mazao kaya haikupata usingizi wa kutosha.

Msako wa mchana ulikuwa kazi ya watu wengi, wakiandamana na mbwa wa kuwatoa nguruwe vichakani. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa visiwani, mbwa na nguruwe wote wawili ni najisi nzito, iitwayo mughaladha, hata kilichoguswa na umajimaji wao huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, humruhusu Muislamu kufuga mbwa wa kuwinda na wa kulinda shamba, na ruhusa hiyo ndiyo iliyowezesha usasi huu kufanyika.

Hasara ya nguruwe haikumgusa kila mtu kisiwani. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikiwa mzalishaji mkuu wa zao hilo. Karafuu, iliyowatia serikali na matajiri wasiwasi, haimtamanishi nguruwe. Kilicholiwa ni chakula cha wakulima wadogo, nao ndio waliobeba mzigo wa kukesha. Siku hizi vijiji kama Makangale na Tondooni vinapakana na msitu wa hifadhi wa Ngezi, ambao mbali na nguruwe una paa na popo wa Pemba, na kwa kuwa mbwa wa msako hatofautishi nguruwe na paa wa hifadhi, mkulima wa hapo hawezi kumfuata mharibifu hadi mafichoni mwake, bali humsubiri ukingoni mwa shamba.